Kiwanda cha Gesi na Majirani Zake: Nani Asogee?

Usiku wa Februari 1, 2024, lori lililobeba gesi lililipuka katika yadi moja eneo la Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Moto ulivuka ukuta, ukashika ghala la nguo, kisha magari, maduka na nyumba za watu. Waliojeruhiwa walizidi 200, na wengine walikufa. Siku iliyofuata ikajulikana kwamba mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, ilikuwa imekataa mara 3 maombi ya kujenga kituo cha gesi hapo, kwa kuwa eneo lina watu wengi mno. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwa imetoa leseni.

Kilio kikawa kimoja: vituo vya gesi vihamishwe. Kina msingi. Gesi ya kupikia huhifadhiwa kwa shinikizo ikiwa kimiminika. Tangi likizingirwa na moto, kimiminika hupooza chuma cha chini, lakini kule juu kwenye mvuke mtupu chuma hulainika na kupasuka, hata vali ya usalama, ile inayotoa gesi nje shinikizo likizidi, ikiwa imefunguka ipasavyo. Huko Feyzin, Ufaransa, Januari 1966, wazima moto walimwagia maji matangi ya jirani wakiamini kwamba vali ingelilinda lile lililokuwa likiungua. Likapasuka. Walikufa watu 18, na 11 kati yao walikuwa wazima moto.

Hata hivyo, kuhama peke yake hakutoshi, na Mexico inaonyesha kwa nini. Alfajiri ya Novemba 19, 1984, katika kituo cha gesi cha Pemex, shirika la mafuta la serikali ya Mexico, huko San Juan Ixhuatepec, pembeni mwa Mexico City, bomba lilipasuka. Gesi, ambayo ni nzito kuliko hewa, ikatambaa ardhini hadi ikakutana na moto. Matangi yalikuwa 54. Moja likawasha jingine kwa zaidi ya saa nzima, mengine yakirushwa mamia ya mita hadi katikati ya makazi. Watu wapatao 500 walikufa. Kituo kile kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nyumba ndizo zilizokisogelea mwaka baada ya mwaka. Kwetu pia, mtaa wa Sinai, Nairobi, ulikuwa umejibana kando ya mitambo ya mafuta wakati petroli ilipovuja mferejini mwaka 2011 na kuua zaidi ya watu 100. Ukihamisha kituo leo bila kuimiliki ardhi inayokizunguka, unaupa mji miaka michache tu ya kukifuata.

Wafanyabiashara nao wana lao la kusema. Gesi ikijazwa mbali, nauli ya lori huishia kwenye bei ya mtungi, na anayeshindwa kuilipa hurudi kwenye makaa. Mlango halali ukiwa ghali, mitungi hujazwa usiku uani kwa mtu. Hilo ni kweli, lakini halitoshi kulegeza masharti: Embakasi sharti lilikuwepo na jibu lilikuwa hapana. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kufunga lango.

Kinachonishangaza ni kwamba mjadala wote ni wa umbali kati ya tangi na nyumba, ilhali mlipuko wa mfululizo huanzia kwenye umbali kati ya tangi na tangi. Huko Mexico matangi yalisongamana kiasi kwamba moto wa moja ulikuwa moto wa yote. Tangi likifukiwa kwa udongo, miali haiwezi kulilamba, nalo haliwezi kuwasha la jirani. Gharama hupanda, na kukagua kutu huwa kazi ngumu, lakini kwa njia hiyo kituo kinaweza kukaa karibu na wateja bila kukalia roho za watu. Mimi ningekubali biashara ibaki mjini kwa sharti hilo, pamoja na ardhi tupu ambayo kituo chenyewe kimeinunua na kuizungushia ua, isiachwe kwa kaunti ilinde.

Bado linabaki lori, na Embakasi ndilo lililolipuka. Lori la gesi ni tangi lenye magurudumu: haliwezi kufukiwa, na dereva akikosa nafasi kituoni huliegesha popote panapopatikana. Masharti ya vituo yanaweza kukamilika kesho na lori hilo likalala nje ya duka lako usiku huohuo, maana mkaguzi anayepita mchana hatalikuta.