Rafu Iliyoingia Mkutanoni Bila Kualikwa

Kazi yangu ofisini ni kutunza michoro ya majengo, na kwa miaka mingi niliitunza kwa kuiviringisha, kuiegemeza ukutani kando ya kabati na kuomba isianguke. Ilianguka kila siku. Hatimaye mkuu wangu, aliyechoka kuikanyaga, aliniruhusu kununua rafu ya waya yenye magurudumu manne na matundu 20, ambamo karatasi zilizoviringishwa husimama wima kama mishale ndani ya podo.

Sikukurupuka. Nilisoma maelezo yote pamoja na maoni ya wanunuzi walionitangulia, akiwamo mmoja aliyeandika kwamba rafu hiyo ni nyepesi kuondoka, maneno ambayo mimi niliyahesabu kuwa sifa. Kisha nilichukua msokoto mmoja wa karatasi nikaupima. Ulikuwa wa ukubwa wa A1, ambao upande wake mfupi ni milimita 594, na rafu ilikuwa na kimo cha sentimita 60, kwa hiyo nilijipongeza kwa kuambulia milimita sita za ziada. Nilichosahau ni kwamba sehemu kubwa ya michoro yetu ni ya A0, yenye upande mfupi wa milimita 841 na mrefu wa milimita 1189, na kwamba kijana wetu wa mafunzo, kwa sababu ambazo hajawahi kunieleza, huviringisha karatasi kuanzia upande wowote unaomjia mkononi. Siku niliyoipakia rafu, baadhi ya misokoto ilichungulia juu ya waya kwa adabu, lakini mingine ilipanda hadi karibu mara mbili ya kimo cha rafu yenyewe na kuyumba kila mlango ulipofunguliwa. Ukiitazama kwa mbali, ungedhani ni nungunungu aliyetishwa.

Kuiunganisha nako kulikuwa na mambo yake. Mwongozo ulikuwa na picha tupu bila neno hata moja, na picha zenyewe zilimwonyesha mtu asiye na uso ambaye alitabasamu vilevile. Nilipofikia magurudumu niliona kwamba mawili yana ulimi mdogo wa plastiki kwa juu, ilhali mawili mengine hayana. Nilitafakari jambo hilo kwa muda usiotosha nikatoa hukumu kwamba ndimi hizo ni kinga za vumbi, na kwamba muuzaji amenipunja mbili. Jioni hiyohiyo nilimwandikia muuzaji barua rasmi ya aya tatu nikimtaka anieleze ni kwa haki gani nusu ya magurudumu yangu yapate vumbi na nusu yasipate.

Rafu niliiweka mlangoni mwa chumba changu, pale ambapo sakafu inaanza kuteremka taratibu kuelekea ukumbi wa mikutano. Mteremko huo ulijengwa kwa ajili ya watu wanaotumia viti vya magurudumu, na mtu mwenye akili ya kawaida angejiuliza kwa nini magurudumu hupenda mahali pa namna hiyo. Mimi sikujiuliza, kwa sababu rafu ilitulia. Kwa wiki tatu haikusogea hata kwa upana wa ukucha, nami nikawa namsimulia kila anayepita jinsi chuma bora kinavyojua mahali pake.

Ukweli wa utulivu ule ulikuwa umejificha chini. Kitako cha rafu ile si ubao bali ni waya zilizopishana, na kati ya waya hizo kuna nafasi ambayo fungu nene la karatasi haliwezi kupita, lakini karatasi moja iliyoviringishwa kwa kubana hupita bila taabu. Mchoro wa mabomba ya majitaka, ambao ulikuwa karatasi moja tu, ulikuwa umepenya humo ukagota sakafuni na kukaza kama mguu wa tano. Kwa wiki tatu nzima, breki pekee ya rafu yangu ilikuwa mchoro wa majitaka.

Siku ya mkutano na wageni waliokuja kukagua mradi, mkuu alimtuma kijana aje kuchukua mchoro huohuo.

“Mzee, huu wa majitaka umekwama,” aliniambia.

“Uvute, mwanangu, karatasi haing'ati,” nilimjibu bila kuinua macho.

Aliuvuta. Rafu ilitetemeka kidogo, kama mtu anayejikumbusha shughuli yake, kisha ikaondoka.

Kwa hatua za mwanzo ilikwenda polepole kiasi kwamba niliona aibu kukimbia, nikaifuata kwa mwendo wa heshima huku nikiiita, sijui kwa matumaini gani. Nilipoona inashika kasi niliutupa uzee pembeni, nikarukia na kushika kilichokuwa karibu zaidi, ambacho kilikuwa msokoto mmoja mrefu. Msokoto ulichomoka. Rafu iliendelea na safari yake, nami nikabaki katikati ya ujia nimeinua karatasi mkononi kama mkimbiaji wa kupokezana vijiti aliyeachwa na timu yake.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi ili kijana akirudi asiwasumbue wageni. Chini yake kuna kizingiti chembamba, na hapo magurudumu ya mbele yakagota. Rafu ilisimama, lakini michoro haikuwa na sababu ya kusimama. Nimepiga hesabu baadaye: karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba, karatasi zetu ni za gramu 80 kwa kila mita ya mraba, na rafu ilibeba karatasi 180 za ukubwa huo, kwa hiyo kilo 14.4 za uhandisi, nyingi zikiwa zimerefuka juu kuliko chuma kilichozibeba, ziliinama mbele kwa pamoja na kumwagika juu ya meza ya mkutano. Rababendi nilizokuwa nimezitumia zilikuwa zimekauka kwa uzee, zikakatika moja baada ya nyingine. Na kwa kuwa tuliviringisha kila karatasi mistari ikiwa ndani, jambo ambalo nimekwisha kuliacha, kila mgeni aliyejaribu kunyoosha moja ilijikunja tena mkononi mwake kama jongoo aliyeguswa.

Ukumbi ulikuwa kimya. Mkuu aliondoa ngazi za ghorofa ya pili kutoka mapajani mwake, akanitazama nikiwa mlangoni na kijiti changu, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko ukali:

“Mzee, niliomba mchoro mmoja.”

Kijana alitokea nyuma yangu akihema, akampelekea mchoro wa majitaka. Ncha yake ilikuwa imepondeka kwa wiki tatu za utumishi, lakini ulisomeka.

Jioni hiyo nilifungua jibu la muuzaji, ambalo lilikuwa limekaa siku kadhaa bila kusomwa kwa sababu nilitaka aone kwamba nimekasirika. Alinieleza kwa heshima kubwa kwamba ule ulimi ni breki, kwamba hukandamizwa kwa mguu, na kwamba rafu za aina hiyo hutoka na breki mbili tu. Hata hivyo, aliongeza, kwa kuwa nimeonekana kuzithamini sana, ananitumia magurudumu mengine mawili yenye ndimi bila malipo.

Yalifika, nikayafunga. Sasa rafu ina breki nne, na kijana huzikandamiza zote kila asubuhi kwa mguu wake wote, kwa nguvu ambazo hakuna mwingine anayeweza kuzilegeza. Mkuu akiihitaji ukumbini, tunaibeba watu wawili.