Trekta Halikutolewa Mahari, Naomba Ieleweke

Wadau, najua ile video ya mimi na trekta tukivutwa na maksai mmeshaiona. Imetoka kwenye simu ya jamaa yangu wa kijiweni, ambaye kuanzia sasa tunasalimiana kwa kope tu, na maneno aliyoyaandika chini yake ni uzushi mtupu. Hatukulipa mahari ya trekta na maksai wanne. Maksai walikuwa wa wakwe. Trekta ni la mjomba, lilikwenda na likarudi. Yaliyotokea hapo katikati nayasimulia mwenyewe kabla hayajafika Katesh mjini yakiwa yameota mkia na pembe.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 265. La zamani, lakini injini yake ya Perkins bado ina roho ngumu. Ugonjwa wake ulikuwa betri: leo linapiga stata safi, keshokutwa limenuna. Mjomba akaniita kwa sababu umeme wa matrekta ndio mkate wangu, na hadi Jumamosi nilikuwa nikilisema hilo kwa sauti kubwa.

Nilipima inavyotakiwa, msije mkasema nilibahatisha. Asubuhi kabla ya kuwasha, vichwa vya betri nikavipiga msasa, mita ikasoma volti 12.2. Betri iliyoshiba husoma 12.6 au 12.7, kwa hiyo hii ilikuwa nusu. Mkanda wa feni nikaubonyeza katikati kwa dole gumba, ukashuka kama sentimita moja, yaani uko sawa, hautelezi kwenye puli. Alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, nikaigusa kwa kiganja: ikiwa na joto asubuhi wakati trekta limelala usiku kucha, ujue diodi ya ndani yake inavujisha umeme wa betri. Ilikuwa baridi. Waya wa athi umekaza, hauna kutu. Nikawasha, nikavuta mkono wa mafuta mpaka injini ikalia, nikaweka mita tena: 14.2.

Hapo fundi yeyote anafunga sanduku lake. Chaji nzuri iko kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na vipande, alteneta haichaji. Ikivuka 15, regyuleta inayodhibiti chaji imekufa na betri inachemshwa. Yangu ilisoma 14.2! Nikamtazama mjomba kwa huruma nikamwambia, "Mjomba, umeuziwa betri feki." Akauza mahindi, akanunua betri mpya ya N70.

Sasa Jumamosi. Tunapeleka mahari ya mdogo wangu. Wazee wametangulia na Noah, mimi nafuata na trekta, tela limejaa mablanketi, mchele, sukari na kreti za soda. Boneti nimeivalisha kitenge. Na dashibodi (hili likumbukeni) nilikuwa nimeipamba zamani kidogo: nilitoa balbu zote za asili nikaweka za LED, bluu tupu, likiingia giza linang'aa kama baa ya stendi. Njia nzima niliendesha kwa mwendo wa maharusi, mafuta kidogo, taa kubwa zimewashwa mchana kweupe ili tuonekane tunakuja. Taa mbili za mbele na za nyuma zinakula ampia nane hadi tisa. Sikuwa na wasiwasi. Betri si mpya?

Tulifika tukapokewa kwa vigelegele. Mzee mmoja wa upande wa wakwe akaomba utulivu ili apige dua. Nikavuta kebo, injini ikazima. Taa nikaziacha zinawaka kwa ajili ya picha. Dua ilikuwa ndefu, ikawataja mpaka mababu wa mababu.

Kisha mshenga wetu, Mungu amsamehe, akasimama: "Na huyu ndiye kaka wa bwana arusi. Fundi wa matrekta wa tarafa nzima! Kaka, hebu sogeza tela pale kivulini mama zetu washushe mizigo."

Watu wote wakageuka.

Nikapanda kwa madaha. Nikarekebisha kofia. Nikakanyaga klachi, nikahakikisha gia iko huru, nikazungusha ufunguo.

Tk.

Nikatabasamu. Nikazungusha tena. Tk-tk-tk-tk-tk. Taa za mbele zikawa rangi ya chungwa lililoiva, nikiachia ufunguo zinarudi, nikizungusha zinafifia. Mtoto mmoja chini ya mwembe akaiga: "Tk!" Wenzake wakaitikia kwa pamoja: "Tk-tk-tk!" Wakaona ni wimbo. Nikashuka, nikafunua kitenge, nikafungua boneti, nikaanza kutikisa waya ambao nilijua kabisa hauna kosa lolote. Mafundi wenzangu wanaifahamu kazi hiyo, ni ya kusubiri akili irudi. Nikachomeka mita: 11.4. Nikaigeuza ili asiisome mtu mwingine. Shangazi wa bibi arusi akasogea, akalizunguka trekta zima, akauliza bila kupunguza sauti: "Na hili bovu nalo ni la mahari?"

Ndipo jamaa yangu akatoa simu.

Baba mkwe hakusema neno. Alipiga mluzi, vijana wakaleta maksai wanne na mnyororo. Tela likafunguliwa, trekta likafungwa, nami nikatakiwa kukaa kwenye usukani niongoze. Hebu lioneni: fundi wa tarafa, kofia kichwani, kitenge kwenye boneti, anavutwa na ng'ombe mbele ya wakwe zake, na kina mama wanapiga vigelegele. Walikuwa wakiwapigia maksai. Katikati ya uwanja yule wa mbele kushoto akasimama, akakojoa kwa kituo, umati mzima ukamsubiri amalize. Hiyo ndiyo sehemu mnayoirudia rudia, najua.

Ukingoni mwa mteremko tukawafungua maksai kwanza (jamani, muwafungue kwanza), nikaingiza gia ya tatu ya upande wa kasi, klachi chini, vijana wakasukuma. Liliposhika mwendo nikaachia klachi taratibu, injini ikakohoa ikashika. Pampu ya dizeli ya haya mazee huendeshwa na gia za injini na kuzima ni kwa kebo, kwa hiyo likishawaka halihitaji betri hata kidogo.

Nilipopanda nalo uwanjani, kijana mmoja akawa ameshika spana anataka kuchomoa kichwa cha betri injini ikinguruma, "tuone kama alteneta inabeba". Nilimpigia kelele mpaka akaidondosha. Wazee walikuwa wakifanya hivyo enzi za dinamo. Kwa alteneta, ukichomoa betri volti zinaruka ghafla na kuchoma diodi na regyuleta. Hiyo ilikuwa dakika yangu moja ya heshima siku nzima, na kwenye video imekatwa.

Akaja babu mmoja na fimbo yake. Kumbe aliwahi kuwa dereva kwenye mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, kule Basotu. Nikamwamkia, akaitikia macho yako kwenye dashibodi.

"Hii taa ya huku chini ni ya nini?"

"Ya chaji, babu."

"Imewaka njia nzima?"

"Zote zimewaka njia nzima, babu. Ni pambo."

"Pima."

Nikapima injini ikiwa inanguruma polepole: 11.9. Babu akanyoosha mkono, akavuta mafuta mpaka juu. Ile taa ikazimika, mita ikaruka hadi 13.5, ikaendelea kupanda.

"Wewe unapopima huwa unavuta mafuta hivi?"

"Huwa navuta, babu."

"Na hii taa yako inakula umeme kiasi gani?"

"Haili kitu, babu. Ndio uzuri wake."

"Basi na alteneta imelala njaa."

Wadau, nilitamani maksai wanirudishe nyumbani. Maana hili nalijua! Alteneta ya Lucas ACR, ile yenye soketi ya pini mbili pana na moja nyembamba iliyoandikwa IND, haina sumaku ya kudumu. Umeme wa kwanza wa kuiamsha rota, yaani sehemu yake inayozunguka, unapita kwenye balbu ya chaji. Balbu yake ni ya wati 2.2, inapitisha kama ampia 0.18. LED inapitisha labda sehemu ya kumi ya hapo. Ukikanyaga mafuta, usumaku kidogo uliobaki kwenye rota unaweza kuiamsha wenyewe. Ukienda mwendo wa maharusi, haiamki hadi jioni. Na balbu ya asili ingenipigia kelele kwa wekundu wake kwamba alteneta haichaji, ila mimi nilizipaka zote bluu.

Babu akang'oa balbu ya wati 5 kwenye taa ya nyuma ya tela, akaifunga kwa vipande vya waya mahali pa LED. Inapitisha zaidi ya inayotakiwa, lakini haidhuru. Baada ya hapo kila trekta likiwashwa taa ya chaji inazimika papo hapo, hata kwa mafuta madogo.

Anayezipenda sana LED zake aweke risista ya omu 68, wati 5, sambamba na ile ya chaji. Na anayepima, apime kwanza kabla ya kuvuta mafuta. Swichi ikiwa ON na injini imezimwa, taa ya chaji lazima iwake. Isipowaka, chomoa soketi ugusishe waya wa IND kwenye chuma cha injini: ikiwaka, kosa liko ndani ya alteneta, kwenye kaboni au rota, isipowaka, ni balbu au waya.

Mahari ilipokelewa. Wakwe wameongeza kipengele kimoja tu, kwamba siku ya harusi usafiri watautafuta wao. Mjomba ameipeleka ile betri "feki" kuchajiwa mjini, imejaa na inashika vizuri, na sasa anataka nimnunulie N70 yake. Nimemwambia betri ya akiba ni muhimu sana kwa trekta la umri ule. Tangu hapo simu yangu hapokei.