Dizeli ya Toyota ndani ya Land Rover 109

Land Rover ya mwisho ya toleo la Series III ilitoka kiwandani mwaka 1985, lakini pikapu zake za 109 (inchi kati ya ekseli mbili) bado zinapandisha viazi na saruji milimani. Nyingi zimeshaachana na injini yao ya petroli ya cc 2,286. Ukifungua boneti unakuta dizeli ya Isuzu, au ya Toyota, 2L ama 3L (hayo ni majina ya injini, si lita). Wapenzi wa magari ya zamani wanauona huo ni uharibifu. Wenye pikapu wanasema bila hivyo gari lingeshauzwa chuma chakavu.

Wenye pikapu wana hoja nzito. Petroli ile inakwenda kilomita 5 au 6 kwa lita, na ukiipakia mzigo inapungua zaidi. Halafu vipuri: ringi na gasketi za 3L zinapatikana hata mji mdogo, kwa kuwa ndiyo injini ya Hiace na Hilux, na mafundi wameizoea.

Hata hivyo injini ya asili inadharauliwa bure. Ina kabureta moja na platini, vile vipande vinavyogusana kutoa cheche; ikizima porini unavipiga msasa unaondoka. Tangu 1980 kranki yake, shafti inayozungushwa na pistoni, inakalia beringi tano badala ya tatu. Bloku ikiwa haina ufa, na gari linatembea siku moja moja tu, kuchonga kranki na kuweka pistoni mpya ni uamuzi wa akili kabisa, maana akiba ya mafuta itachukua miaka kurudisha gharama ya dizeli.

Kinachoniuma ni hesabu zinazoishia kwenye bei ya injini ya mtumba. Kuna pleti ya kuiunganisha na gia boksi: ikikerezwa ikakaa pembeni kidogo tu, beringi ya shafti inalika. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, inagombana na difu (gia za ekseli) ya mbele, iliyo upande wa kulia. Difu zenyewe ni za uwiano wa 4.7, yaani shafti inazunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja, kwa hiyo ukifika kilomita 100 kwa saa dizeli inazunguka kama mara 3,600 kwa dakika, karibu na kikomo chake.

Breki ndizo zinazonitia hofu. Ni za ngoma magurudumu yote manne. Kwenye zenye busta, kifaa kinachotumia mvuto wa hewa kulainisha pedali, injini ya petroli ilikuwa inavuta hewa hiyo yenyewe. Dizeli haivuti, inategemea pampu ndogo iliyo nyuma ya altaneta. Fundi akifunga altaneta isiyo na pampu hiyo, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, nawe uko kwenye mteremko na tani nzima mgongoni.

Kadi ya gari nayo irekebishwe: namba ya injini, ujazo, aina ya mafuta.

Kwa gari la kazi ningebadilisha, ila breki zimalizwe kwanza. Na mauntini mpya, vishikio vya injini, zifungwe kwa boliti, chesisi isikatwe. Ile injini ya zamani ningeipaka grisi na kuifunika turubai, kwa sababu ya mtumba nayo imekuja na umri wake, na ikifa, ya kwanza iwe bado ina mahali pa kurudi.