Faili lipo, watoto wa chuo wanachapa upya ya nini?

Jumamosi nimedandia daladala mpaka hosteli kwa mtoto wa kaka yangu, yuko mwaka wa pili, nimembebea maandazi na kichupa cha pilipili nikijua nitamkuta amelala kama kawaida yake. Namkuta amekaa chini na wenzake wanne, laptopu mbili, simu moja ina picha za kurasa za kitabu cha hadithi, mmoja anasoma kwa sauti mwingine anachapa. "Akafungua mlango, nukta, aya mpya, fungua usemi." Hivyo hivyo, koma kwa koma, jasho linawatoka maana feni imekufa tangu mwezi uliopita. Nauliza kulikoni, ananiambia Shangazi tunaandaa hadithi za nukta nundu, yale maandishi ya vidoti vilivyoinuka yanayosomwa kwa vidole, za watoto wasioona. Kitabu kina kurasa 96, wapo ukurasa wa 38, na hiyo ni wiki ya tatu.

Nikasema hongereni, nikagawa maandazi, nikarudi nyumbani nimenuna. Sijawanunia wao, wale nawavulia kofia. Nimenuna kwa sababu mimi mwenyewe nilivyokuwa chuo nilifanya kazi hiyo hiyo kwa mtindo huo huo, miaka imepita nimepata hadi mvi mbili, na bado tunachapa upya kitabu ambacho faili lake lipo!

Hebu tuelewane. Kitabu kilichotoka juzi hakikupangwa kwa herufi za chuma. Kiliandikwa kwenye kompyuta, kikahaririwa kwenye kompyuta, kikapangwa kurasa kwenye kompyuta, ndio kikaenda kiwandani. Hayo maneno yote yapo mahali fulani kwenye mashine ya mtu, safi, hadi ule mkato wa ng'ombe upo. Ukiyapata hayo unayaingiza kwenye programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta nundu, zipo za kununua na ipo Liblouis ya bure kabisa ambayo siku hizi hata Kiswahili inakijua, na kazi ya miezi inakuwa ya siku chache. Usipoyapata unapiga skani, kompyuta ibahatishe herufi kutoka kwenye picha ya ukurasa. Skani ikikuona una haraka ndio inakuletea "m" imekuwa "rn", namba ya ukurasa imekaa katikati ya sentensi, ng'ombe amekuwa ngombe. Mnachoka, mnaamua bora kuchapa kwa mkono.

Na kuchapa kunakula muda ambao ulitakiwa uende kwenye kazi yenyewe hasa. Hapa naungama dhambi yangu. Kitabu chetu cha kwanza tulikimaliza baada ya miezi minne, tumechoka, mitihani inakaribia, tukapitisha kwenye programu haraka haraka, tukaomba mashine ya watu ya kuchapa nukta, tukatoa nakala sita kwenye ile karatasi nene, mbio shuleni. Hatukumpa mtu yeyote anayesoma kwa vidole apitie kwanza. Muda ungetoka wapi?

Nikakaa pembeni ya mtoto mmoja wa darasa la tatu, anasoma vizuri tu, kidole kinateleza kutoka kushoto kwenda kulia kama anafuta vumbi. Akafika kwenye "siku thelathini". Siku akaipata. Kidole kikasimama, kikarudi, kikasimama tena. "Dada, hapa nasoma la, halafu i. Ni neno gani hili?" Nikacheka nikidhani ananitania. Kumbe programu tulikuwa tumeiacha kwenye Kiingereza cha vifupisho, kile kinachobana herufi kadhaa kuwa alama moja, ikaona "the" ikaweka alama moja ya the, ikaona "th" ikaweka alama yake, "in" nayo hivyo hivyo. Neno la herufi kumi mtoto wa watu amebakiwa na tatu. Kila "andika" imeanza na ile and ya Kiingereza, kila "shida" imekaa kiajabu. Kitabu kizima! Tukavibeba vile vitabu kurudi navyo, na karatasi ya nukta nundu ukishaiharibu imeharibika, huifuti na raba.

Tungekuwa na faili tangu mwanzo, ile miezi minne tungempa mwalimu wa pale shuleni, naye haoni, angepapasa kurasa mbili tu angetuambia wanangu hapa mmeandika nini. Na tungekuwa na muda wa kufikiria zile "tazama picha hapo juu" tulizozichapa kama zilivyo, sijui tulitaka mtoto atazame nini.

Kwamba hatukuomba faili? Tuliomba. Nilikwenda na mwenzangu kwa mchapishaji mmoja, jina naliacha, na barua yenye muhuri wa chuo. Tulipokelewa vizuri, soda tulikunywa. Baada ya hapo mhariri yupo semina. Mwezi uliofuata faili alikuwa nalo kijana wa kupanga kurasa na ameshaacha kazi. Mwisho wa yote mzee mmoja akatwambia kwa upole, "wanangu, tukiwapa mtasambaza".

Haya, nusu nakubali. Sote tupo kwenye magrupu ya WhatsApp tunayaona, mtu kahangaika kuandika, siku ya tatu PDF inazunguka bure. Lakini ile PDF ya wizi umeiangalia? Ni picha za kurasa, zimekaa upande, dole gumba la mpigaji linaonekana pembeni. Mwizi hajasubiri faili lenu, simu yake imemtosha. Mwenye macho anakisoma bure, asiyeona ndiye anazuiwa kwa jina la hakimiliki. Na hicho kitabu cha nukta nundu nani atakidurufu akauze Kariakoo? Kitabu kimoja kinakuwa majuzuu mawili matatu, unakibeba kwa mikono miwili.

Tena sheria sio kisingizio. Mkataba wa kimataifa wa Marrakesh ulipitishwa Juni 2013 kwa ajili ya hili hili, ukaanza kazi Septemba 2016, Kenya wakaingia 2017, sisi Tanzania 2020. Unaruhusu taasisi zinazowahudumia wasioona kutengeneza nakala wanayoweza kuisoma bila kumpigia magoti mwenye hakimiliki. Safi. Ila soma vizuri: unaruhusu kunakili, haumlazimishi mtu kukupa faili. Kwa hiyo kisheria mko huru kabisa kukaa chini hosteli mkachapa kurasa 96 kwa vidole. Asanteni sana.

Ukitaka kuona tofauti nenda kwenye hadithi za African Storybook, zipo wazi mtandaoni kwa leseni huria, yaani ruhusa ya kuzitumia imeshatolewa, na za Kiswahili zipo. Mtoto wa kaka anasema zile walizimaliza kadhaa ndani ya wiki moja, na mwalimu akapata nafasi ya kuzipitia. Tatizo nyingi ni fupi fupi, za wanaoanza kusoma. Mtoto wa darasa la sita anataka kile kitabu ambacho mwenzake wa dawati la jirani anakicheka peke yake.

Kuna watakaosema si mrekodi sauti tu, yaishe. Sauti nzuri, mimi mwenyewe nasikiliza nikiosha vyombo, lakini kwa kusikiliza peke yake mtoto atajuaje ng'ombe anaandikwa na mkato? Na wale wa kwenda shuleni kutoa msaada na fulana mpya na mpiga picha, leo nawasamehe, sina nguvu.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika hapa, simu ikalia. "Shangazi shikamoo, picha ya ukurasa wa 61 imetoka ukungu na kile kitabu tulishakirudisha kwa mwenyewe. Unacho?" Sina. Kesho mchana natoka kazini mara moja kwenda kukinunua, dukani kwa mchapishaji yule yule, kizima, kwa ajili ya ukurasa mmoja.