Je, chumba cha vifaa cha wasanii wa Moshi kiwe wazi kwa wageni?

Miongoni mwetu tunaofanya kazi za video na sauti hapa Moshi, kuna wazo ambalo limezungumzwa kwa muda bila kufikia uamuzi: tuchangishane, tukodi chumba, tukusanye humo projekta, kompyuta za kuhariria, taa na vifaa vya kurekodia sauti, kisha chumba hicho kitumiwe na sisi pamoja na wasanii wanaopita mjini wakitoka Nairobi, Kampala, Dar es Salaam au ng'ambo. Wapo wanaolipokea kwa mikono miwili na wapo wanaolihofia. Mimi naliunga mkono, lakini si kwa namna linavyoelezwa sasa, na hofu za wanaolipinga naziona kuwa nzito kuliko watetezi wake wanavyokiri.

Shida ya msanii msafiri haionekani kwa urahisi kwa anayekaa mahali pamoja. Akipanda ndege, betri za akiba za lithiamu hazipakiwi na mizigo mikubwa. Lazima azibebe mkononi, na betri inayozidi wati-saa 100 inahitaji idhini ya shirika la ndege, ilhali inayozidi 160 haisafiri na abiria kabisa. Akitoka Marekani anakuta umeme wetu ni wa volti 230 na mzunguko wa hezi 50, kwa hiyo taa aliyozoea kuichomeka kwao inaweza kuungua, na asiporekebisha kamera yake, mwanga wa taa zetu za ndani unacheza kwenye picha. Forodha nayo ina taratibu zake: sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu vifaa kuingizwa kwa muda, lakini kwa sharti la kuvitoa tena na kwa kuweka dhamana, jambo ambalo msanii asiye na kampuni nyuma yake hulimudu kwa shida.

Nilimpokea wakati mmoja dada mmoja kutoka Mombasa ambaye alikuja kwa basi akiwa na kinasa sauti na diski moja tu. Alitaka kuonyesha picha mbili katika kuta zinazotazamana, upande mmoja maji ya Mto Karanga na upande wa pili bahari ya kwao, mtazamaji asimame katikati. Kazi hiyo inahitaji projekta mbili zenye mwanga unaolingana. Moja tuliikodi kwa mtu anayefanya kazi kwenye kumbi za harusi, nyingine tuliiazima kwa rafiki. Ile ya kuazima ilikuwa na picha ya rangi ya chai, na tulipofungua menyu yake tukakuta taa imeshawaka saa 2,300. Taa za projekta za kawaida hukadiriwa kudumu kati ya saa 2,000 na 4,000 hivi. Onyesho lilikuwa halijafika nusu saa ilipozimika, na ukuta wa bahari ukabaki mweusi huku sauti ya mawimbi ikiendelea. Mwenye projekta alidai taa mpya. Mgeni alisema aliikuta imechoka. Mimi niliyekuwa katikati sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha ilikuwa na saa ngapi nilipoichukua, na hapo ndipo nilipouelewa usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Watetezi wa wazo hili hupenda kutoa mfano wa Experimental Television Center, kituo kilichoanzishwa na Ralph Hocking mwaka 1971 katika jimbo la New York na ambacho baadaye kilihamia Owego, mji mdogo. Kwa miaka mingi wasanii wa video walisafiri hadi huko kutumia mashine ambazo wasingeweza kuzinunua, nyingine zikiwa zimebuniwa na kuundwa hapohapo. Msanii wa video Nam June Paik na mhandisi Shuya Abe ni miongoni mwa waliofanya kazi na kituo hicho. Programu yake ya kuwapokea wasanii ilifungwa mwaka 2011. Mfano huo ni mzuri, lakini watu waliifuata Owego kwa kuwa mashine zile hazikuwapo kwingine. Kamera tutakayoinunua sisi kwa michango haitakuwa hivyo, kwani mgeni atakuja na iliyo bora mkobani, na baada ya miaka mitano yetu itakuwa imepitwa hata na simu za vijana. Kisichobebeka mkobani ni chumba chenye giza kamili, chumba kimya cha kurekodia ambacho bodaboda hazisikiki, na umeme wa akiba unaoshika mara ule wa gridi unapokatika. Fedha zetu ziende huko na kwenye projekta. Kamera kila mtu abaki na yake.

Upande wa pili una hoja tatu, na ya kwanza ni kongwe: cha wote hakina mwenyewe. Mlimani tunayajua mabishano haya kupitia kahawa. Familia yenye mashine yake ya mkono ya kumenya haipangi foleni na huitunza kama mtoto. Mashine ya pamoja hutoa kahawa yenye ubora unaolingana, lakini ikiharibika wakati wa mavuno kila mmoja humtazama mwenzake. Ya pili ni kibali: mgeni akirekodi bila idhini ya Bodi ya Filamu, anayeondoka ni yeye na anayebaki kuulizwa ni mwenyeji. Hilo linatatulika kwa kudai nakala ya kibali kabla ya kumpa mtu ufunguo.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza, nayo ni zamu. Mgeni mwenye ruzuku hulipa vizuri, na msimamizi wa chumba mwenye kodi ya kulipa atavutwa kumpendelea. Kijana wa Majengo au Pasua atajikuta anabeba stendi ya taa ya mtu mwingine ndani ya chumba alichokichangia, na Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani na harusi na kipaimara vinafuatana, atakosa kompyuta ya kuhariria katika mwezi unaomlisha kwa robo ya mwaka. Wanaosema ushirikiano ni jambo jema daima hawajawahi kukosa kazi ya Desemba.

Hata hivyo sioni kwamba dawa ni kufunga mlango, kwa sababu mji huu umewahi kutatua tatizo kama hili kwenye maji. Mfongo, yaani mfereji wa maji unaoshuka kutoka mlimani, hauna mwenyewe mmoja, lakini una zamu inayojulikana, una siku ya wote kwenda kuuzibua, na asiyefika siku hiyo hutozwa faini. Haki ya maji inatokana na jembe, wala haiamuliwi na nani analipa zaidi. Mgeni wetu naye apimwe hivyo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: anayekaa zaidi ya siku mbili afundishe jioni moja, au atengeneze nyaya zilizokatika, au aache nakala ya mipangilio ya kazi yake ili wenyeji wajifunze. Ada ya projekta ihesabiwe kwa saa za taa, isomwe kwenye menyu mbele ya watu wawili wakati wa kuichukua na wakati wa kuirudisha, na fedha hiyo isiguswe mpaka taa mpya inunuliwe.

Desemba chumba kiwe cha wenyeji mchana kutwa. Mgeni atakayefika mwezi huo apewe usiku, kuanzia saa nne, giza likiwa limeshaingia na projekta zikiwa hazina kazi nyingine.