Mkarafuu wa kichwani na mkarafuu wa shambani

Kuhusu uchoraji wa miti nimesikia rai mbili zinazogongana. Ya kwanza inasema mwanafunzi asichore mti asiouona mbele yake, kwa sababu kichwa humdanganya. Ya pili inasema anayenakili kila jani hajawa mchoraji bado, na kwamba sanaa huanza pale anapouacha mti na kubaki na kumbukumbu yake.

Wenye rai ya kwanza wana hoja nzito. Mwambie mtu aliyezaliwa Pemba achore mkarafuu bila kuuangalia, na aghalabu atakuchorea shina lililonyooka lenye kichaka cha mviringo juu yake, mti ambao ungeweza kuitwa mwembe pia. Mimi mwenyewe nilichora hivyo, ilhali nimekulia mikarafuuni. Nilipokata kijitawi nikakiweka mezani, niliona kwamba majani hutoka mawili mawili yakielekeana, kwamba machanga yake yana wekundu wa waridi, na kwamba karafuu hukaa kwa mashada kwenye ncha, konyo, yaani kikonyo kinachozibeba, likigawanyika na kugawanyika tena, kila karafuu ikiwa na kichwa cha mviringo kilichoshikwa na meno manne. Kwenye mikoko kosa huwa kubwa zaidi: mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao, ilhali mchu, aina nyingine ya mikoko, huchomoza vijizizi vyembamba vilivyo wima kwenye tope, na anayekisia huichanganya miwili hiyo akaumba mti usioota pwani yoyote.

Hata hivyo, rai ya pili haitupiki. Mafundi waliochonga milango ya Mji Mkongwe hawakuhitaji kuegemeza kuti la mtende ukutani kila waliposhika patasi, na mpakaji hina hutambaza maua kwenye kiganja cha bibi harusi bila kutazama ua lolote. Tena, anayekaa ufukweni na karatasi hupata saa moja tu ya mkoko, kwani maji yakijaa mizizi hupotea na yakitoka mti huwa kama umenyanyuliwa; kumbukumbu ndiyo inayoweza kuyaweka maji kujaa na maji kupwa katika picha moja. Na iko miti isiyotazamika tena: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja.

Mimi naelemea rai ya pili, lakini kwa sharti ambalo watetezi wake hulipita haraka. Mkono wa fundi ulijazwa kwanza, kwa miaka. Anayechora kutoka kichwani kabla hajaukaribia mti huchora picha za watu wengine, ndiyo maana mtoto wa Unguja, kisiwa kisicho na mlima, hukuchorea jua likichomoza kati ya vilele viwili, na mnazi ulio nyuma ya nyumba yao hauchori.

Kujaza huko, kwa maoni yangu, si kazi ya macho peke yake. Jirani yetu mmoja, bibi aliyechambua karafuu barazani msimu hata msimu, alikuwa akifanya kazi hiyo usiku huku akizungumza, asitazame vidole vyake. Nilimpa penseli nikamwomba anichoree mkarafuu. “Mti mzima siuwezi, mwanangu,” akasema, “nakuchorea konyo.” Akalichora polepole, karafuu zikiwa tatu tatu, na kila mgawanyiko ulikuwa mahali pake.