Inua sakafu, usiuvunje mgongo

Picha za yoga zinazosambaa mtandaoni zinafanana sana: dada mwembamba juu ya jabali, ziwa nyuma yake, ameinama mpaka viganja vimelala chini kabisa. Zinapendeza. Ila wengi wetu tunaofanya mazoezi hapa Mwanza hatuna mwili huo, na anayejilazimisha kuufuata anaweza kuondoka na mgongo mbovu kuliko aliokuja nao. Ndiyo maana nasema waziwazi kwamba mwalimu asiyetaka kuona kiti, mkanda, tofali wala mto darasani kwake asipokee watu wenye maumivu ya mgongo.

Misuli ya nyuma ya paja imeshikana na ile mifupa tunayoikalia. Ikikaza, mtu anapoinama nyonga inagoma kugeuka, na kinachobaki kupinda ni kiuno. Pingili za chini za mgongo zinabebeshwa kazi isiyo yao na diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili, zinabanwa upande wa mbele. Kwa mwenye diski iliyotokeza nyuma, hapo maumivu yanaweza kushuka mpaka mguuni. Sasa mpe huyo huyo kiti ashike egemeo lake, au tofali chini ya kila kiganja. Nyonga inageuka, mgongo unabaki umenyooka, na ile misuli ya paja inavutika taratibu, mahali hasa zoezi lilipokusudiwa kufika.

Watu wa Mabatini na Igogo wanalijua hili kwa njia nyingine. Anayejenga mlimani hasubiri mwamba ushuke. Anainua msingi kwa mawe upande wa bondeni mpaka sakafu ikae sawa. Na mwili ni hivyo hivyo: mkono usipofika chini, inua sakafu.

Kuna wanaodai vifaa ni vya wavivu, eti yoga ya kweli ni mtu na mkeka wake. Hao nawakumbusha habari za mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa India mwaka 1918, akaugua malaria, taifodi na kifua kikuu utotoni, na akafariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95. Ndiye aliyeeneza zaidi matumizi ya matofali, mikanda, kamba, viti na mablanketi katika yoga, na chuo alichofungua Pune mwaka 1975 kilipokea hata watu waliokuja na maradhi yao. Mkaidi kama yeye kuhusu unyoofu wa mwili ni vigumu kumpata, na bado aliweka kiti katikati ya darasa.

Nitoe mfano wa mama mmoja anayeanika dagaa huku ufukweni. Kazi yake ni kuinama toka kiunoni, kutandaza, kugeuza, kukusanya kabla mvua haijafika. Alipokuja, hakuweza kukaa chini na miguu imenyooka bila kuanguka nyuma. Hatukumkalisha. Alilala chali, goti moja limekunjwa, tukapitisha kanga kwenye wayo wa mguu wa pili, imekunjwa pana ili isikate ngozi, akashika ncha zake mbili na kuupandisha mguu. Mwanzoni alikuwa ananyanyua kichwa na mabega kuufuata. Tukaiachia kanga iwe ndefu zaidi. Mabega yakarudi chini, taya likalegea, pumzi ikaanza kushuka tumboni. “Mwanangu, kumbe huku nyuma ya paja ndiko kunakobana, siyo kiuno!” Nikamjibu, “Ndiyo mama, hapo hapo, usizidishe.” Kanga yenyewe ni ile aliyokuja amejifunga.

Kiti nacho kina masharti. Cha plastiki kinateleza kwenye vigae na miguu yake hupanuka, kwa hiyo kiegemee ukuta, na chenye ufa kitupwe. Wanaosimama kwa mabega, miguu ikiwa juu, wakunje mablanketi yawe chini ya mabega, kichwa kibaki sakafuni, maana bila hivyo shingo inapinda kupita kiasi. Mjamzito mwenye mimba kubwa asilazwe chali muda mrefu. Apumzike kwa ubavu, hasa wa kushoto, na mto katikati ya magoti. Wenye presha ya macho, au presha ya damu isiyodhibitiwa, mikao ya kichwa chini waiache mpaka daktari wao aseme.

Yoga haichukui nafasi ya hospitali. Lakini mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiweka yoga miongoni mwa tiba za kuanza nazo, kabla ya dawa, kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini. Ukienda kwa mwalimu kwa sababu hiyo, akakukuta na mgongo unaouma akaanza kukukandamiza kwa uzito wake ili ushuke zaidi, mwambie aache. Una haki hiyo hata kama umeshalipa.

Tarehe 21 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Nyinyi mnaopanga mazoezi ya wazi hapa jijini, naomba safu moja ya viti iwekwe mbele, siyo nyuma kabisa kama mahali pa walioshindwa, na mwalimu mwenyewe aanzie hapo. Bibi zetu wa Kirumba wakimwona yeye amekaa kitini, nao watakuja.